Je, Wajua? Bendera Iliyokataa Kufuata Upepo

Wahenga walisema bendera hufuata upepo, na methali hiyo huwa tunawachapa nayo watu wasio na msimamo. Kisa cha leo ni kinyume chake. Ni kisa cha mtu aliyeishika bendera yake kwa mikono miwili. Upepo ukavuma, ukavuma, ukaondoka na kiti cha enzi, naye akabaki na kitambaa.

Mtu huyo ni Henri wa ukoo wa Bourbon, maarufu kwa cheo cha Comte de Chambord. Alizaliwa 1820, akafariki 1883. Wafuasi wake walimwita Henri V, mfalme halali wa Ufaransa. Wengine walimwona mdai taji tu, mtu wa kuishi ugenini na kungoja. Haya hapa mambo 13 kuhusu maisha yake.

1. Je, wajua kwamba aliyemuua baba yake alikusudia kukausha ukoo mzima?

Usiku wa 13 Februari 1820, Duc de Berry alikuwa akimsindikiza mkewe hadi kwenye gari la farasi nje ya jumba la opera, mtaa wa Richelieu jijini Paris. Mtu mmoja akamrukia na kumchoma kifuani. Muuaji, Louis Pierre Louvel, alikuwa fundi wa matandiko ya farasi, na alikuwa amepiga hesabu zake vizuri. Mfalme wa wakati huo, Louis XVIII, hakuwa na mtoto. Ndugu yake alikuwa na wana wawili: mkubwa hakujaliwa mtoto, na mdogo ndiye huyo Berry. Ukimwondoa Berry, tawi lote linakauka bila kuguswa tena.

Hesabu hiyo ilikuwa na kosa moja. Alipokuwa akikata roho, Berry alimsihi mkewe ajitunze kwa ajili ya kiumbe aliye tumboni. Ndipo watu walipojua kwamba kuna mimba. Louvel alikatwa kichwa Juni mwaka huo huo. Jumba la opera nalo likabomolewa, na mahali pake leo ni bustani ndogo iitwayo Square Louvois.

2. Je, wajua kwamba mama yake alikataza kitovu kisikatwe mpaka waje mashahidi?

Marie-Caroline, binti wa ukoo wa kifalme wa Naples, aliijua midomo ya watu. Mjane akijifungua mtoto wa kiume anayehitajika kuliko wote nchini, hakosi mtu wa kusema mtoto ameletwa kwa kikapu. Kwa hiyo alfajiri ya 29 Septemba 1820 aliagiza askari wa zamu waitwe chumbani, waone kwa macho yao mtoto akiwa bado ameungana na mama yake.

Alikuwa wa kiume. Ndugu mkubwa wa babu yake, Louis XVIII, akampaka mdomoni kitunguu saumu na mvinyo wa Jurançon, kama ilivyosimuliwa kwamba alifanyiwa Henri IV, mwanzilishi wa ukoo huo kwenye enzi ya Ufaransa. Miongoni mwa majina aliyopewa ni Dieudonné, yaani “Aliyetolewa na Mungu”. Mshairi Lamartine alimwita mtoto wa muujiza, na jina hilo likamganda. Kijana mwingine wa miaka 18 naye alitunga shairi la kumpongeza. Jina lake Victor Hugo, ambaye uzeeni angekuwa mmoja wa watetezi wakubwa wa jamhuri.

3. Je, wajua kwamba akiwa mchanga alichangiwa kasri?

Kwetu mtoto akizaliwa huletewa khanga, sabuni na kuku. Henri alichangiwa kasri la Chambord, lililoanza kujengwa mwaka 1519 kwa amri ya Mfalme François I karibu na mto Loire. Lina vyumba zaidi ya 400, na katikati kuna ngazi mbili zilizojiviringisha pamoja kiasi kwamba anayepanda na anayeshuka wanaweza kuonana bila kukutana. Michango ilikusanywa nchi nzima, na mwaka 1821 kasri likanunuliwa kwa zaidi ya faranga milioni 1.5. Cheo alichotumia utu uzima wake kilitokana na zawadi hiyo.

4. Je, wajua kwamba alikuwa mfalme kwa wiki moja, akiwa na miaka 9?

Mwaka 1824 babu yake mzaa baba alirithi taji kwa jina la Charles X. Julai 1830 mzee huyo alitoa amri za kuyabana magazeti na kubadili taratibu za uchaguzi, na Paris ikalipuka. Siku tatu za mapigano ya mitaani zilitosha. Tarehe 2 Agosti, Charles X aliachia taji. Baba mkubwa wa Henri naye akajiondoa, ili taji liende kwa mtoto. Kwenye karatasi, mtoto akawa Henri V.

Jamaa yao wa tawi la Orléans, Louis-Philippe, ndiye aliyeombwa amtangaze mtoto na kumshikia nchi mpaka akue. Alitangaza kwamba mfalme ameachia taji, lakini habari za mtoto akazimeza. Tarehe 9 Agosti akala kiapo yeye mwenyewe. Siku chache baadaye Henri alipandishwa meli katika bandari ya Cherbourg kuelekea Uingereza. Ule weupe wa bendera ya ukoo wake ulishushwa, ikapandishwa ya rangi tatu: buluu, nyeupe na nyekundu. Hilo tuliweke akilini.

5. Je, wajua kwamba mama yake alikamatwa akitoka ndani ya meko?

Marie-Caroline hakuwa mwanamke wa kukaa akilia. Aprili 1832 aliteremka kwa siri pwani ya kusini mwa Ufaransa, akavuka nchi hadi Vendée, kwenye ngome ya watu waliowapenda wafalme, akajaribu kuwasha uasi kwa jina la mwanawe. Uasi haukuwaka. Akajificha Nantes kwa miezi kadhaa, hadi msiri wake mmoja alipomuuza kwa serikali.

Askari walipovamia nyumba, yeye na wenzake watatu walijibanza kwenye uwazi mdogo nyuma ya meko ya ukutani. Nyumba ilipekuliwa, asionekane mtu. Askari wawili walioachwa lindo walisikia baridi, wakawasha moto katika meko ile ile. Ukuta wa chuma wa meko ukapata moto, nguo zikaanza kuungua, na mama mfalme akatoka mwenyewe baada ya saa kama 16 za kubanana. Alifungwa katika ngome ya Blaye, na huko Mei 1833 akajifungua mtoto wa kike, ilhali watu wote walimjua kuwa mjane. Alisema ameolewa kwa siri na mwungwana wa Kiitalia. Heshima yake ya kisiasa ikaishia hapo, na malezi ya Henri yakaondoka mikononi mwake.

6. Je, wajua kwamba mlezi wake alikuwa binti wa mfalme na malkia waliokatwa vichwa?

Aliyemlea Henri ni mke wa baba yake mkubwa, Marie-Thérèse. Huyo alikuwa binti wa Louis XVI na Marie Antoinette. Akiwa msichana alifungwa pamoja na wazazi wake Paris katika mnara wa Temple. Mwaka 1793 baba akatolewa kwenda kuuawa, kisha mama, na mwaka 1795 mdogo wake wa kiume akafia humo humo kifungoni. Yeye peke yake ndiye aliyetoka hai.

Familia ilihama kutoka Edinburgh hadi Prague, kutoka Prague hadi Gorizia, na Henri akakua mezani pa mama mkubwa huyo. Wafaransa wengi waliiona bendera ya rangi tatu wakakumbuka ushindi wa baba zao vitani. Yule mama akiiona alikumbuka mlango wa gereza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

7. Je, wajua kwamba mkewe alizaliwa tarehe 14 Julai?

Mwaka 1841 Henri alianguka na farasi huko Austria, akavunjika mfupa wa paja. Tangu hapo alichechemea. Miaka mitano baadaye alimwoa Maria Theresa, binti wa mtawala wa Modena, mtawala aliyesifika kwa kukataa katakata kumtambua Louis-Philippe kuwa mfalme. Kisiasa, posa haikuwa na dosari. Lakini bibi arusi alizaliwa 14 Julai 1817, yaani siku ya kumbukumbu ya kuvamiwa gereza la Bastille, na mwaka 1880 Jamhuri iliifanya siku hiyo kuwa sikukuu ya taifa. Kila mwaka maadui wa mumewe walisherehekea siku ya kuzaliwa kwake bila kujua.

Hawakujaliwa mtoto. Waliishi zaidi katika kasri la Frohsdorf, kusini mwa Vienna, na kukosa kwao mrithi kukageuka kuwa turufu ya watu wa Orléans: mzee akiondoka, wao ndio wanaofuata.

8. Je, wajua kwamba Wafaransa waliwahi kuchagua Bunge la kumrudisha mfalme?

Septemba 1870 Napoleon III, aliyekuwa akiitawala Ufaransa, alitekwa na Waprusi huko Sedan, na utawala wake ukaanguka. Uchaguzi wa Februari 1871 ulifanyika vita vikiwa vimeielemea nchi. Wanavijiji walichoka, wakawapigia kura watu waliotaka amani, na wengi wa hao walikuwa wafuasi wa ufalme: wabunge kama 400 kati ya takriban 650. Wengine walimtaka Henri, wengine mjukuu wa Louis-Philippe, lakini wote walitaka mfalme.

Sheria ya kumzuia Henri asiingie nchini ilifutwa. Julai 1871 akalala kwa mara ya kwanza katika kasri alilochangiwa akiwa mchanga. Badala ya kushukuru na kunyamaza, tarehe 5 Julai alitoa tamko: hataiacha bendera nyeupe ya Henri IV. Katika tamko hilo aliitaja pia ardhi ya Afrika. Alikuwa akiikumbusha Ufaransa kwamba Algiers ilitekwa na jeshi la babu yake, na tarehe ilikuwa hiyo hiyo, 5 Julai 1830. Kwa Mwaljeria aliyenyang'anywa shamba, bila shaka, rangi ya kitambaa haikupunguza chochote.

9. Je, wajua kwamba walipendekeza bendera yenye nyuso mbili?

Agosti 1873 mjukuu wa Louis-Philippe alisafiri hadi Frohsdorf, akamtambua Henri kuwa mkuu wa ukoo. Mpasuko wa miaka 43 ukaonekana umezibwa. Wabunge wakahesabu kura, wakaona zinatosha. Kilichobaki ni kitambaa.

Mapendekezo yakamiminika. Wapo waliosema bendera iwe na rangi tatu upande mmoja na nyeupe upande wa pili. Wengine walitaka maua ya yungiyungi ya dhahabu yanyunyizwe juu ya rangi tatu. Wengine wakasema nyeupe iwe ya mfalme mwenyewe, na ya rangi tatu iwe ya taifa. Rais wa nchi, Marshali MacMahon, ambaye mwenyewe alimpenda mfalme, inasimuliwa alionya kwamba nyeupe ikipandishwa, bunduki za askari zingefyatuka zenyewe.

Tarehe 27 Oktoba 1873 Henri alimwandikia mbunge Charles Chesnelong, mjumbe aliyetumwa kumbembeleza, na siku tatu baadaye barua ikatoka gazetini. Alikuwa amekataa.

Tangu hapo watu wamemcheka: mtu anapoteza nchi kwa ajili ya kitambaa! Lakini tumsikilize. Alidai kiti kwa haki ya kuzaliwa. Mwenye haki ya kuzaliwa hasaini masharti mlangoni kwake. Akisaini, maana yake kiti amepewa, na kilichotolewa na watu huweza kutwaliwa na watu. Louis-Philippe alipewa mwaka 1830, akanyang'anywa 1848. Henri alilijua hilo. Kosa lake halikuwa ujinga. Aliisoma bendera sawasawa, ila aliisoma kwa macho ya mama mkubwa, na nchi ilikwisha kupata macho mengine.

10. Je, wajua kwamba alijificha Versailles akisubiri kuitwa?

Wengi hudhani baada ya barua ile alikaa Austria akinuna. La. Novemba 1873 aliingia Ufaransa kwa siri, akafikia nyumbani kwa rafiki mmoja katika mtaa wa Saint-Louis, Versailles, mwendo mfupi kutoka lilipokuwa likikutana Bunge. Mpango wake ulikuwa wa kitamthilia: MacMahon amshike mkono, waingie wote Bungeni, wabunge wapige makelele ya shangwe, mambo yaishe. Rangi ya bendera wangeijua wakishasimama.

MacMahon alikataa hata kuonana naye. Alisema yuko tayari kumpa maisha yake, lakini heshima yake alishaiweka mikononi mwa Bunge. Mfalme aliyekataa masharti ya Bunge akawa amezuiwa na askari aliyeyatii. Henri alifungasha, akaondoka, na hakuikaribia tena enzi.

11. Je, wajua kwamba ukaidi wake ndio uliowapa Wafaransa muhula wa urais wa miaka saba?

Usiku mmoja wa Novemba hiyo hiyo ya 1873, Henri akiwa bado mafichoni, Bunge lilimpa MacMahon miaka saba ya urais. Kwa nini saba? Wabunge wa upande wa Orléans walikuwa wakingoja. Walidhani katika miaka saba Henri angekuwa amefariki, na mtu wao angepita bila kelele za bendera. Walikuwa wakimkalia mtu matanga angali hai.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Tarehe 30 Januari 1875 kifungu kilichoandikwa na mbunge Henri Wallon, kikitaja wazi “Rais wa Jamhuri” na jinsi atakavyochaguliwa, kilipita kwa kura 353 dhidi ya 352. Kura moja tu. MacMahon akajiuzulu Januari 1879, na Henri akaendelea kupumua hadi 24 Agosti 1883. Ile miaka saba, iliyopimwa kwa urefu wa uhai wa mtu mmoja, ilidumu katika desturi ya urais wa Ufaransa zaidi ya karne nzima. Ilipunguzwa kuwa mitano kwa kura ya maoni ya Septemba 2000.

12. Je, wajua kwamba jina la MacMahon bado linaagizwa baa huko Msumbiji?

Mwaka 1875 Uingereza na Ureno zilikuwa zikigombania ghuba ya Delagoa, mahali ulipo leo mji wa Maputo. Msuluhishi aliyechaguliwa alikuwa rais wa Ufaransa, MacMahon, aliyekuwapo ikulu kwa sababu mfalme hakuja. Julai mwaka huo akaamua kwamba ghuba ni ya Ureno. Wareno hawakumsahau. Bia ya Msumbiji iitwayo 2M imebeba herufi mbili za jina lake: Mac-Mahon. Wenyewe wenye ghuba, kama ilivyokuwa Algiers, hawakuulizwa.

13. Je, wajua kwamba kaburi lake limebadilisha nchi bila kuhama kilima?

Henri alizikwa Gorizia, katika monasteri ya Wafransisko iliyo kwenye kilima cha Kostanjevica, karibu na babu yake Charles X, aliyekufa kwa kipindupindu mwaka 1836, na mama mkubwa aliyemlea. Hata mazishi yalizua ugomvi. Mjane wake aliwatanguliza jamaa wa tawi la Hispania badala ya mjukuu wa Louis-Philippe, na mpasuko ule uliodhaniwa kuzibwa ukafunguka tena. Mpaka leo wapenda ufalme wa Ufaransa wamegawanyika kati ya matawi hayo mawili, wakibishana kuhusu kiti kisichokuwapo.

Wakati huo Gorizia ilikuwa chini ya Austria. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika kilimani, majeneza yalihamishiwa Vienna, yakarudishwa 1932, na kukuta eneo limekuwa la Italia. Mwaka 1947 mpaka mpya ukapita katikati, mji mkongwe ukabaki Italia, kilima kikaingia Yugoslavia. Tangu 1991 ni Slovenia. Mtu ambaye hakutaka kubadili bendera moja amelazwa mahali ambapo bendera zimebadilika kama nguo za sikukuu.

Na magari yaliyomngoja mfalme je?

Kabla ya barua ile kuandikwa, wafuasi wa Henri walikuwa wameagiza magari ya farasi kwa mafundi wa Binder, Paris, kwa ajili ya siku mfalme atakapoingia mjini. Yalikamilika, yakang'arishwa, yakangoja. Hayakutoka hata siku moja.

Leo yapo katika kasri la Chambord, na wageni huyazunguka wakiyapiga picha. Kasri lenyewe lilinunuliwa na serikali ya Ufaransa mwaka 1930. Kwa hiyo magari ya mfalme aliyekataa kuingia chini ya rangi tatu yanafutwa vumbi, mwaka hadi mwaka, na watumishi wa Jamhuri.